Bati Lina Mgongo na Bonde

2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonikumbusha umri. Natumaini nawe hujambo, na kwamba ile miwani ya jua haikuumizi masikio.

Nasikia umepewa paa la kiwanda cha magunia utandaze paneli za sola juu yake. Hongera nampa mama yako. Dada yangu anashona magunia pale tangu wewe hujaota meno, na tajiri mwenye kiwanda alikukubali kwa kuwa yeye alisimama akasema, "Ni mwanangu, namdhamini." Ukiharibu, wa kwanza kufukuzwa atakuwa yeye.

Sasa sikiliza, maana cheti chako ni cha wiki mbili, na nusu yake ilikuwa chai. Bati lina mgongo na lina bonde. Maji ya mvua hupita bondeni. Basi skrubu hupigwa mgongoni, pamoja na mpira wake. Hata anayeezeka banda la kuku analijua hili. Nadhani na kuku wanalijua. Na kwanza ukague mihimili. Ilijengwa kubeba mabati, haikujengwa kubeba mabati na majivuno yako.

Mjomba wako

11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, mama anakusalimu.

Asante kwa somo, ila ulistaafu ualimu zamani. Mihimili ni chuma kitupu, ingebeba hata hotuba zako. Skrubu nimepiga bondeni makusudi: pale bati limelala juu ya mhimili, skrubu inakaza vizuri na kazi inakwenda haraka. Matundu nimeyapaka gundi ya kisasa. Paa ni paa, Mjomba. Tajiri alipanda, akanishika mkono, tukapigwa picha. Nakuletea moja uibandike ukutani. Mama kahamishia kiti chake chini ya paneli zangu hasa, ili kila anayepita amwulize ni kazi ya nani.

Mpwa wako

18 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti ni lile lile.

Picha nimeiona. Wewe umependeza. Nitakueleza polepole, kama nilivyowaeleza wale wa dawati la nyuma. Mchana bati hupata joto likatanuka. Usiku hupoa likarudi. Gundi yako inavutwa huku na huku kila siku, mwisho itapasuka. Mvua ikija itakuta umeitobolea njia katika kila bonde. Ng'oa sasa, wakati aibu hii bado ni ya watu wawili. Na umwambie dada yangu asogeze kiti.

Mjomba wako

27 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo? Huku imenyesha. Kimya chako kina kelele. Mama yako yu salama? Nijibu hilo tu, mengine nayajua.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, kalowa tu.

Maji yalishuka kila palipo na skrubu yangu. Umeme ukazimwa, washonaji wakakimbilia mlangoni. Mama hakukimbia. Alifungua mwavuli, akaufungia kwenye kiti, akachukua sindano ya mkono, akaendelea kushona. Tajiri akaja kashika viatu mkononi. "Mama, huyu ndiye uliyemdhamini?"

"Ndiye," akasema, bila kuinua macho.

Nikamsihi ahame. Akaniambia, "Paa ni paa, mwanangu," akakata uzi kwa meno.

Mvua nyingine ikipenya, tutoke kazini wote wawili, mimi na mama. Ndivyo tajiri alivyosema. Mama kila siku anakaa pale pale, mwavuli juu, hata jua likiwaka. Hasemi nami. Njoo, Mjomba.

Mpwa wako

14 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti limepata nafuu ghafla, limesikia linahitajika.

Bati lililotobolewa bondeni halizibwi, hubadilishwa. Agiza mapya, na skrubu ndefu za kupita mgongoni. Ndiyo, utaanza upya. Nafika Jumamosi. Juu sipandi, nitaketi chini karibu na dada yangu, nikisikiliza kila skrubu inavyoingia.

Nilimwandikia kwamba sasa anaweza kuukunja ule mwavuli, mjomba mtu anakuja. Amejibu kwamba mimi nisijisumbue: ataukunja mwanawe, siku mvua itakaponyesha yeye mwenyewe akiwa ameketi kwenye kile kiti, asilowe.

Mjomba wako