Bobi Hakugeuza Kichwa

Tata Kalala,

Tangu tulipokuzika sijakaa kwenye kiti chako. Hata kadi za wagonjwa naziandika nimesimama. Leo nimekaa, maana nina neno la kukwambia.

Jumatatu mlinzi mmoja wa mgodi wa Mutoshi aliniletea mbwa wake, amegongwa na pikipiki, anaburuta miguu ya nyuma na kumuuma kila anayemgusa. Nikamchoma dawa ya kumtuliza, ndipo nikampima. Nilikunja unyayo wake, akauacha umekunjika. Nikambana kidole kwa koleo: mguu ulijivuta kidogo, kichwa hakikugeuka. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mguu unaweza kujivuta bila mbwa kujua, ila kichwa kisipogeuka, maumivu hayafiki kwenye ubongo, na mwenye mbwa aambiwe habari ya sindano ya mwisho.

Lakini hukuwapo wa kuamua. Niliogopa, nikangoja. Alasiri dawa ilipomtoka, nikambana tena. Aligeuka akaniuma kidole gumba: kumbe dawa ndiyo iliyokizuia kichwa, si uti wa mgongo uliokatika. Nilifurahi muda wa kuosha damu tu. Halafu nikamkumbuka Bobi.

Bobi, mbwa wa Mama Kapinga, muuza makala ya kupikia wa Dilala, naye hakugeuza kichwa nilipombana. Uliniuliza mlangoni kama nilimpima kabla ya dawa ya kumtuliza: "Mwana, ulimupima mbele ya kumuchoma?" Nikajibu, "Ndiyo, Tata." Haikuwa kweli. Nilimtuliza kwanza kwa sababu nilimwogopa, nikakudanganya kwa kuwa nilichoka kuchekwa nawe kwamba mbwa hasomi vitabu: "Daktari ya bitabu, imbwa haisomake." Uliniamini. Ukamchoma ile ya mwisho, mkono wako mwingine ukiwa juu ya mgongo wake.

Huenda uti wake ulikuwa umekatika kweli. Nimeisoma kadi yake mpaka karatasi imelegea, na mwandiko ni wangu, na uongo umo. Sitajua kamwe. Mama Kapinga hunisalimia sokoni, akishukuru kwamba tulimwondolea Bobi mateso: "Aksanti, dokta, mulimutosha mu mateso." Siku hizi napita njia nyingine. Silali vizuri. Nafungua kabati la dawa, nalifunga, nalifungua tena.

Ungenigombeza, Tata. Ungenifukuza wiki nzima, kisha ungeniita. Nimekunyima hata hilo.

Kesho baada ya misa nitaenda Dilala. Nitamwambia Mama Kapinga kwamba wewe ulichoma kwa neno langu, na neno langu lilikuwa la uongo. Akilitangaza sokoni, huenda hakuna atakayeniletea mnyama tena, na mlango wa kliniki yako utafungwa mikononi mwangu. Nimeliwaza hilo tangu Jumatatu. Bado nitaenda.

Na mbwa mkali nitamfunga mdomo kwa kitambaa, nimpime akiwa macho, hata nikimwogopa.

Pumzika, Tata. Kiti chako ni kigumu kuliko nilivyodhani.

Mwana wako wa kazi,
Ngoie