Konveta ya Mara Mbili

Nachingwea,
2 Septemba 2024

Dada Zaitun, shikamoo.

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango wa studio, na ukimaliza kusoma uitie barua hii kwenye jiko la mkaa. Asijue shemeji, asijue mama mkubwa, asijue hata Kulthumu anayekusaidia kupamba maharusi. Dereva wa Noah nimemwambia aikabidhi mkononi mwako mwenyewe. Simu siiamini. Ninayotumia ni ya ofisi, na Bwana Agapiti, mratibu wetu, huichukua mezani akasoma hata yasiyomhusu.

Mimi mzima, hofu ni kwenu. Miguu ya mama mkubwa imepungua kuvimba? Watoto wanaendeleaje na shule?

Dada, nimejiingiza mahali. Mradi wetu wa kulinda mashamba umepata kamera na lenzi ndefu ya milimita mia nne, ya kupiga tembo wanaoingia kwenye mikorosho kula mabibo. Kwenye usaili waliniuliza kama najua kamera, nikasema najua. Ninachojua ni kukushikia mwavuli wa taa harusini. Sasa Bwana Agapiti anasema tembo wanatoka wadogo kwenye picha, na ameambiwa kuna konveta, kile kipande kinachokaa kati ya kamera na lenzi ili kukuza. Zipo mbili: ya moja nukta nne na ya mara mbili. Akasema mbele ya watu wote, "Lukumani ndiye mtaalamu, atachagua yeye."

Lenzi yenyewe, tundu lake la mwanga likifunguliwa mwisho ni tano nukta sita. Nimesoma mtandaoni mpaka macho yameuma, kila mtu na lake. Nichukue ipi? Nikikosea watajua nilidanganya, na nafasi yangu bado ni ya majaribio.

Mdogo wako,
Lukumani


Ruangwa,
5 Septemba 2024

Mdogo wangu, marahaba.

Barua sijaichoma, jiko lilikuwa na maharage. Nimeificha kwenye begi la taa. Mama miguu yake hivyo hivyo, ila mdomo mzima, jana kamtukana muuza samaki mpaka kaongezewa mmoja. Watoto wazima.

Mtaalamu! Mtaalamu aliyemkata kichwa bwana harusi kule Malolo, ikabaki suti na ua! Haya, sikiliza.

Konveta haikupi kitu bure. Ile ya moja nukta nne inakula nusu ya mwanga. Ya mara mbili inakuachia robo. Na tembo si wageni wa harusi waje saa saba mchana na jua lao, wanakuja alfajiri. Kwa robo ya mwanga kamera italazimika kukawia kufunga, tembo atakuwa ametembea picha haijaisha, utapata wingu lenye masikio. Fokasi nayo itakwenda mbele na kurudi kama mlevi anayetafuta tundu la kufuli. Chukua ya moja nukta nne. Bosi wako akitaka kikubwa zaidi, mwambie asogee.

Halafu jambo jingine. Mjomba Masoudi anakuulizia. Huo mradi wenu uko Nambambo kila wiki na nyumba yake ipo pale pale, lakini hujakanyaga. Anasema, "Mpwa wangu kavaa viatu vya ofisi, vumbi langu linamtisha." Alisema huku anacheka, ila nenda. Baba yako alipoondoka ni yeye aliyekubeba begani mpaka shuleni.

Dada yako,
Zaitun


Nachingwea,
21 Septemba 2024

Dada, shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mimi nipo.

Niliisoma barua yako mpaka nikaikariri. Niliingia kwa Bwana Agapiti na moja nukta nne ikiwa kwenye ulimi. Akaniuliza, "Nukta? Nukta ndiyo kitu gani? Ya mbili ipo, sisi tununue moja na makombo?" Gaudensia wa uhasibu akacheka, dereva wa ofisi akacheka. Na mimi nikacheka, dada. Halafu nikasikia sauti yangu inasema, "Ya mbili ndiyo nzuri, bosi."

Imeshafika. Tembo tuliowapiga mchana wametoka vizuri, kwa hiyo labda hakuna ubaya.

Kwa Mjomba sijapita. Huwa tunakuwa na gari moja, na sitaki wenzangu wanione naingia nyumba za watu. Nitapita.

Mdogo wako,
Lukumani


Ruangwa,
14 Oktoba 2024

Lukumani,

Sisi wazima wa mwili tu. Juzi polisi wamemchukua Mjomba Masoudi.

Ndama wa tembo kakutwa na waya wa mtego mguuni kwenye mikorosho ya Nambambo. Wanasema ipo picha ya mtu ameinama pale penye waya, alfajiri, na mtu huyo ni Mjomba. Mjomba! Ambaye silaha yake ni debe, analipiga mpaka limepasuka, halafu asubuhi anawasikitikia tembo kwamba wana njaa. Mkewe, mama Sikudhani, anaapa kwamba saa hizo alikuwa nyuma ya nyumba anafagia chini ya mikorosho. Nani atamwamini mke?

Mama hali chakula. Korosho zinadondoka, hakuna wa kuokota.

Nakuuliza kitu kimoja. Hiyo picha kapiga nani, na kwa konveta ipi?

Dada yako,
Zaitun


Nachingwea,
16 Oktoba 2024

Dada, shikamoo.

Nimepokea habari hizo kwa masikitiko makubwa. Mpe pole mama mkubwa. Mambo ya ofisi yana taratibu zake na mengine siruhusiwi kuyaandika. Tumwombe Mungu, na ukweli utajulikana kwa wakati wake.

Mdogo wako,
Lukumani


Ruangwa,
17 Oktoba 2024

Lukumani,

Sikukuuliza habari za Mungu. Nilikuuliza habari za konveta, na umenijibu.

Jana nilikuja huko kumpelekea Mjomba chai kituoni. Akaniuliza, "Lukumani si yupo hapo hapo kwenye mradi? Hawezi kuwaambia neno?" Nikamwambia umesafiri kikazi. Akafurahi. Akasema, "Basi akirudi atasema."

Nimemdanganya mzee kwa ajili yako. Sirudii.

Zaitun


Nachingwea,
24 Oktoba 2024

Dada Zaitun, shikamoo, kama bado unaipokea kwangu.

Hukuandika "dada yako" mwishoni. Niliigeuza karatasi nikadhani limeandikwa nyuma.

Picha nilipiga mimi. Nilikuwa nimelala kwenye nyasi mwisho wa mashamba, hakujapambazuka vizuri. Kitu kikainama mbele, mbali sana, nikadhani ni ndama. Fokasi ikaenda na kurudi kama ulivyosema. Nikabonyeza. Kilichotoka ni kivuli cha kijivu kimejaa chengachenga, juu yake kitu kama kofia ya pama. Hapakuwa na uso, dada. Ungeweza kusema ni mwanamke, au kisiki.

Bwana Agapiti akaifungua kwenye skrini kubwa. Akasema, "Huyu si yule mzee Masoudi wa mwisho wa kijiji?" Baada ya kusema hivyo, kila mtu akamwona. Akanigeukia. "Unamfahamu?"

Nikasema, "Namwonaona tu njiani, bosi."

Nimeyaandika maneno hayo ili uyasome kama yalivyotoka. Begani mwa mtu huyo ndipo nilipoiona Nachingwea mara ya kwanza. Na hata katika ile picha sikumtambua, lakini hilo pia sikulisema. Kusema picha ni mbovu kulikuwa kusema nimechagua vibaya. Kusema ni mjomba wangu kulikuwa kusema namficha. Nikaona bora ninyamaze, mzee akachukuliwa.

Barua yako ilipofika niliogopa zaidi, ila safari hii niliogopa kitu kingine.

Juzi alfajiri nilirudi pale pale na Tomasi mlinzi. Bwana Agapiti nilimwambia tunaijaribu konveta, akaja kwa furaha. Nikampa kila mmoja kofia ya pama ainame penye alama ya waya, nami nikalala kwenye nyasi zile zile. Jana nikazipeleka kituoni, nikazichanganya na ile ya kwanza. Bwana Agapiti alikuwapo, na Mjomba alikuwa ameletwa kwenye benchi. Nikamwambia ofisa, "Nioneshe Masoudi ni yupi."

Hakusita hata kidogo. Akaweka kidole. "Huyu hapa. Mgongo ule ule."

Nikasema, "Huyo ni bosi wangu."

Ofisa alianza kucheka, halafu akaacha. Akazivuta picha zote tatu, akazitazama tena moja moja. Bwana Agapiti akasema, "Lukumani, wewe ndiye uliyeipendekeza hiyo konveta." Nikajibu, "Ndiyo, bosi, na nilijua. Niliambiwa nisiichukue, nikaichukua kwa sababu nilikuogopa." Kisha nikasema kwa sauti ambayo benchi lote lilisikia, kwamba Masoudi ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu, amenilea, na hata mimi simwoni katika picha yoyote kati ya hizo.

Baada ya adhuhuri wakamwachia.

Nilimkimbilia nje nimbebee mfuko wake. Amekonda. Akauhamishia mkono wa pili, akaniangalia vizuri, bila hasira, akasema, "Asante, karani."

Hakusema mpwa wangu. Hakusema Lukumani. Karani, dada.

Kazini nimeambiwa nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa, na sidhani kama nitaitwa. Simu nimeirudisha, kwa hiyo usiipigie, atapokea mwingine. Ukitaka kuniandikia, mpe dereva yule yule wa Noah, aishushe kwa Hafidha muuza vitumbua, mkabala na stendi. Yeye ananifahamu.

Ukitaka kuniona, njoo Nambambo Jumamosi asubuhi. Korosho za Mjomba zimelala chini tangu achukuliwe, na mama Sikudhani peke yake haziwezi. Ninaokota kuanzia upande wa barabara, siyo upande wa nyumba, ili mzee asilazimike kunitazama. Usiniite kwa sauti. Shuka kwenye daraja dogo, ufuate mstari wa mikorosho mizee. Utaona mtu ameinama. Kwa mbali hutajua ni nani.

Sogea.

Mdogo wako, ukikubali,
Lukumani