Fimbo Nyepesi na Mwanzi wa Baba

Awindiri, Arua
Jumapili

Kaka Latifu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Jirani yetu Kadijah amehamia Koboko, na mvua imeanza.

Uliuliza ununue fimbo gani ya kuvulia ufukoni hapo Mombasa, au tukutumie mwanzi ambao Baba alivulia mtoni Nile. Nilimuuliza mwenyewe Jumatano. Akasema, "Ambia yeye achukue ile nyepesi. Mutu ya kusimama ufukoni, mukono iko inachoka mbele ya samaki kufika." Dukani uishike mbele kwa mkono mmoja ulionyooka, uhesabu mpaka mia. Mkono ukitetemeka, irudishe. Ncha iwe laini, usikie hata samaki mdogo akigusa chambo. Ukirudi uioshe kwa maji ya bomba, chumvi inakula.

Mwanzi usiungoje. Simu yako haipatikani tangu Alhamisi. Ijumaa wachimbaji walitaka ufito wa kupimia kaburi, na huo mwanzi ndio uliokuwa karibu. Nikawaruhusu waukate kwa urefu wa Baba. Kipande kilichobaki ni kifupi, hakifai kuvulia.

Nunua nyepesi, kama alivyosema.

Dada yako,
Kulusum