Treni ya Mjomba Marhoon

Sib, Maskati

Kwa Mama yangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Natumai magoti yamepata nafuu huko Unguja, na mama mdogo Wijdan hakushindishi jikoni. Sisi huku wazima wa miili, mengine utayasoma. Sikukutumia sauti kwa kuwa simu yako, mama, husikilizwa na nyumba nzima, na haya ni yako peke yako.

Umeambiwa Mjomba Marhoon ameanguka kwenye treni akavunjika taya. Hakuanguka.

Unaijua ile treni ya mvuke aliyoinunua kuukuu akaijengea reli shambani kwake, watu wapande siku za mapumziko. Mimi naiendesha. Kayondo, yule Mganda aliyeisifu halua yako, ndiye aliyekuwa akiunga mabehewa. Kazi hiyo ni ya roho mkononi: injini hurudi nyuma mpaka iguse behewa, husimama, naye huingia katikati kuinua mnyororo mzito na kuutia kwenye ndoana. Mpaka atoke mwenyewe na kuniinulia mkono, mimi siruhusiwi kuuacha wenzo wa mvuke, ule mkono wa chuma unaoiondoa injini.

Ijumaa Mjomba alileta wageni wakubwa. Jua kali, wageni wananung'unika, naye akapanda kwenye injini akinifokea kwamba namwaibisha. Nilimwambia Kayondo yumo katikati. Akasema ameshatoka zamani, akauvuta wenzo mwenyewe. Alidhani tutakwenda mbele, kumbe injini ilikuwa bado imetiwa nyuma. Ikarudi kwa kishindo, chuma kikakutana na chuma, na kifua cha Kayondo kimo katikati. Niliisikia mifupa, mama. Alitoa ukelele mmoja mfupi, damu ikamfoka mdomoni. Nilipoisogeza injini mbele, akaporomoka kama gunia.

Mjomba alitazama, akasema tuwaondoe wageni kwanza. Hapo nikalishika beleshi la makaa nikampiga la uso. Akaanguka, nikampiga tena. Watu walinishika nikitaka la tatu. Hasira hasara, najua, lakini sijuti.

Kayondo alikufa kabla ya kufika hospitali. Mkewe, Namuddu, anayefanya kazi za nyumbani mtaa wa Al Khuwair, aliambiwa kwamba mumewe aliingia katikati bila kuagizwa. Mjomba anataka niseme hivyo hivyo polisi, naye atasema taya aliivunja mwenyewe kwa kuteleza, yaishe. Ananikumbusha kuwa ndiye aliyekulea wewe babu alipofariki.

Sasa nikwambie nililolificha. Mjomba alipopanda, niliuachia wenzo. Niligeuka nikainama kumbusu mkono, kwani wewe ulinilea hivyo: mkubwa hapewi mgongo. Mkono wake wa kulia ulikuwa mdomoni kwangu. Kwa wa kushoto akauvuta wenzo.

Kesho nakwenda polisi kusema yote, lake, la beleshi na langu. Huenda wakanizuia huko huko. Usiniombe ninyamaze kwa ajili ya kaka yako, nakusihi, kwa sababu wewe ukiniomba nitanyamaza.

Nisalimie mama mdogo na wote wanaoniulizia. Niombee, na radhi zako usininyime.

Jana nilikwenda kwa Namuddu nikamweleza kila kitu. Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza tu kama mumewe alikuwa ameshaanza kuinua mkono. Nikamjibu sijui, sikuwa nikimtazama.

Mwanao,
Sinan