Wiski, Sukari na Ganda la Chungwa

Geita, Jumapili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu ule uliokanyagwa na ng'ombe umepona, na kwamba Mama hakohoi tena. Mimi ni mzima wa mwili. Je, mvua imeshuka hapo Samuye? Mahindi yamesimama? Najua kaka ndiye atakayekusomea barua hii. Mwambie asiruke neno, hata panaponitia aibu.

Baba Mdogo amekuletea habari kwamba niache shule, nishike kazi pamoja naye katika klabu ya Wazungu wa mgodini, kwa kuwa msaidizi wake ameondoka. Kabla hujamjibu, nakuomba uijue kazi yenyewe, maana likizo hii nimeifanya.

Asubuhi tunaosha bilauri za jana. Ndani yake mna vipande vya sigara vilivyovimba kwenye sukari, nzi waliokufa, na pengine mate. Siku ya kwanza nilitoka nje nikatapika.

Kisha nikafundishwa kinywaji cha Bwana mmoja Mwamerika, fundi wa mashine za kusaga mawe. Unaweka kidonge cha sukari ndani ya bilauri, unakidondoshea dawa chungu mpaka kilowe, unakiponda kwa maji kidogo, unamimina wiski, unatia barafu na kukoroga. Mwisho unakamulia ganda la chungwa juu yake, na kulidumbukiza humo humo. Chungwa lenyewe hakuna anayelitaka. Linatupwa!

Nilimwuliza Baba Mdogo ni nani aliyebuni uchafu huu.

"Usiuite uchafu, mwanangu. Ndio unaotulisha."

Akanisimulia, kama alivyoelezwa na Bwana, kwamba zamani huko Amerika watu walikunywa kileo kikali asubuhi, kwa sukari, maji na matone hayo ya dawa ya tumbo. Baadaye wauzaji wakaongeza madoido mengi, wazee wakanung'unika: tupeni ile ya kizamani. Ndilo jina lake mpaka leo. Na wiski ya kwao, Baba, hupikwa kwa mahindi. Nililikumbuka ghala letu lilivyo tupu.

Alhamisi nilitumwa kumpelekea Bwana bilauri yake. Sikuwaza. Nilipiga goti nikaonja kwanza, kama ulivyotufundisha tunapompa mgeni pombe, ajue haina sumu. Ilikuwa kama mafuta ya taa yaliyotiwa sukari.

"Wewe mshenzi! Nani ambia wewe kunywa?" Bwana akafoka.

"Mpe kiti," mwenzake akamcheka. "Leo iko rafiki yako!"

Wote wakaangua kicheko isipokuwa Bwana. Alisema Mwafrika kunywa wiski kumekatazwa na serikali, na kwamba ataita polisi.

Baba Mdogo alikuja mbio. Nilidhani atamweleza desturi yetu, kwa sababu anaijua vizuri. Badala yake alicheka. "Samahani, Bwana. Huyu wa porini, hajui kitu." Bwana akaimimina bilauri yote juu ya miguu ya Baba Mdogo. Naye akainama akapangusa sakafu, huku bado anacheka. Yeye, Baba, ambaye kwenye arusi yako ndiye aliyeonja pombe mbele ya wakwe!

Tulipofika jikoni nikamwuliza, "Kwa nini ulicheka?"

"Utazoea," akasema. "Mwanzoni hata mimi nililia."

Neno hilo limenichukiza kuliko bilauri zote nilizoosha.

Mimi sitaki kuzoea. Nimebakiza mwaka mmoja tu kumaliza shule ya kati. Kumwambia Baba Mdogo siwezi. Ninakula kwake. Tafadhali mwambie wewe. Lakini jibu lako lisipofika kabla shule haijafunguliwa, nitakwenda hivyo hivyo, kwa miguu ikibidi. Ni mara ya kwanza, Baba, kukuambia nitakalofanya badala ya kukuuliza. Neno hili sitalifuta.

Nisalimie Mama, na Bibi pale jikoni kwake, na mjomba anayechunga ng'ombe zetu, na dada na kichanga chake ambacho sijakiona. Baba Mdogo naye anakusalimu sana. Ameniona naandika, akasema nisisahau kukuambia kwamba tunakula vizuri.

Mwanao, ambaye bado anataka kukutii,
Masanja