Safu ya Tatu, Tuta la Tano

Jumatatu, 20 Februari 1995
Chai ya kantini nimeiruka tena. Wiki ya tatu. Usipa, dagaa wa kwetu ziwani, niliotumiwa na mama kutoka Lipingo umebaki nusu debe. Wamatengo wa hapa chuoni wananunua kwa fungu, wanalalamika fungu dogo, kesho wanarudi. Mchango wa mtihani wa mwisho unatakiwa tarehe 17 Machi. Zamani serikali ililipa kila kitu, sasa tuchangie. Asiyelipa hafanyi mtihani, ualimu basi. Mama hana kingine cha kuuza.

Jumatano, 22 Februari
Odilo alisahau ufunguo wa sanduku darasani, akajaribu wangu. Kufuli lake likafunguka! Tulinunua kwa mchuuzi mmoja sokoni. Siku hizi bidhaa zimejaa, zote sura moja. Alicheka sana. Mimi sikucheka. Kama wangu unafungua lake, wake unafungua langu.
Odilo ni wa Litumbandyosi, chumba kimoja nami mwaka wa pili sasa. Mpole. Upole ule siuamini.
Nikitaka kufungua akaunti, benki wanataka barua ya mkuu wa chuo. Karani ataiona, chuo kizima kitajua nina pesa.

Jumapili, 26 Februari
Wenzangu walikwenda misani. Nilisema tumbo linauma. Pesa nimezitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikalifunga kwa nailoni. Nyuma ya bwalo kuna shamba la ngolo, yale mashimo ya mraba ya Wamatengo yenye matuta pande zote. Nyasi kiunoni. Kwetu ziwani, shamba likiota nyasi hivyo limeachwa. Nimefukia safu ya tatu, tuta la tano.
Kesho naenda kijiji cha Ruanda, mazoezi ya kufundisha, wiki mbili. Odilo kapangiwa shule ya hapa mjini. Kwa nini yeye hapa?

Jumapili, 12 Machi
Nimerudi. Shamba silo. Nyasi zimefyekwa, zimepangwa, zimefukiwa. Mashimo mapya, matuta mapya, maharage yameanza kuchungulia. Nimeuliza nani alichagua shamba hili. Odilo, kiongozi wa kazi za mikono. Katika mashamba yote ya chuo!

Jumatatu, 13 Machi
Nimechimba tuta la tano, safu ya tatu. Hakuna. La sita. Hakuna.
Odilo amekunywa chai na maandazi mawili. Mwezi jana alikuwa akiniomba sabuni. Nimemkodolea macho mpaka akaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 14 Machi
Nimemwambia mlezi wa bweni. Sanduku la Odilo likamwagwa kitandani, watu wamejaa mlangoni. Suruali. Rozari. Noti ya mia mbili. Barua ya baba yake, mlezi akaisoma kwa sauti: tumeuza kahawa ingali mtini kwa mnunuzi binafsi, hana huruma, pokea hii kidogo ya chai. Huku kuuza kahawa mtini ni jambo la kufichwa. Watu wakatazama chini.
Mimi nikasema pesa zangu kazificha kwingine. Nilisema hivyo, mbele ya wote.
Odilo aliuliza jambo moja tu. “Ulizifukia wapi, kaka?”
Nikamwambia. Nilitaka kuuona uso wake. Akafumba macho kidogo, kama anayepiga hesabu.

Jumatano, 15 Machi
Alinipeleka shambani na jembe. Kumbe shamba lile lilikuwa limepumzishwa tu. Ngolo zikirudiwa, palipokuwa tuta panachimbwa shimo, na udongo wake unatupwa kufunika nyasi za tuta jipya. Kila mtoto wa huku anajua. Mimi nilikuwa nahesabu matuta ambayo hayapo tena.
Akaanza kubomoa ngolo za kundi lake mwenyewe, zenye maharage, zinazosubiri alama za mwaka. Wasichana waliozilima wakamfokea kwa Kimatengo. Akaendelea kuchimba. Ngolo ya nne, jembe likagonga bati. Kopo lilitupwa ndani ya bonge la udongo, hakuna aliyeliona. Akanikabidhi bila kulifungua.
Zote zimo. Aibu. Aibu tupu.

Ijumaa, 17 Machi
Nimelipa. Risiti ninayo.
Kundi la Odilo limepata sifuri. Nilikwenda kujieleza kwa mwalimu wa kilimo. Akasema yeye anasahihisha maharage, hasahihishi maelezo. Odilo amehamia bweni la pili. Tukikutana ananisalimu vizuri kabisa, na anapita.

Jumapili, 26 Machi
Mwenzangu mpya chumbani ni Festo, wa mwaka wa kwanza. Nikitoka, naye hutoka. Nilidhani ni sadfa tu.
Leo ana malaria. Nilikwenda kuoga. Niliporudi nilimkuta barazani, kajifunika blanketi, anatetemeka, manyunyu yanamfikia miguuni. Nikamuuliza anafanya nini nje.
“Ulikuwa hujarudi, kaka. Na sanduku lako limo ndani.”
Nikamshika mkono. Tukaingia pamoja.