Nepi Niliyoitupa

Wodi ya Watoto Wachanga,
Chumba cha Akina Mama.
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko kambini, ambako simu inashika ikijisikia. Hujambo? Kile kifua kimepona? Mimi ni mzima, ila miguu imechoka kwa kukaa kwenye benchi. Mkeo mshono wake unakauka, tena ameanza kunigombeza, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Nianze na mwanao, maana najua umeruka mistari kumtafuta. Yuko hai. Manesi wamempa jina la Bosi, kwa sababu akikunja uso tu kila mtu anasimama.

Simu ilikatika nikikueleza habari za figo. Siku aliyozaliwa alichelewa kulia, akakosa hewa, na figo zikaacha kufanya kazi. Siku tatu hakukojoa hata tone. Uso ulivimba mpaka macho yakapotea. Jumatano asubuhi daktari akasema, ikifika saa nane mchana bila mkojo, watamtoboa tumbo wamwekee mrija wa kusafisha damu. Mtoto wa kilo mbili na nusu!

Sasa sikia nilichofanya, na usinicheke. Unanijua mimi na usafi. Saa nne mkeo alikuwa amesinzia, nikaona nepi ya mtoto imekaa tangu alfajiri. Kwa macho na kwa vidole ilikuwa kavu kabisa, lakini nikasema hapana, mtoto wa mdogo wangu habaki na nepi moja asubuhi nzima. Nikambadilisha, ile nikaitupa, nikanawa mikono. Nilijiona shangazi wa maana.

Nesi akaja na mizani yake ndogo.

“Shangazi, nepi ya Bosi iko wapi?”

“Nimeitupa, ilikuwa kavu.”

“Kavu kwa nani?”

Kumbe kila nepi hupimwa kabla ya kuvaliwa, uzito ukaandikwa juu kwa kalamu, kisha hupimwa tena ikivuliwa. Kinachoongezeka ndicho mkojo. Mimi ile namba nilidhani ni ya kitanda! Nesi akavaa glavu, akainama kwenye pipa, akafukua huku mimi nimejishika kichwa. Akaipata. Ilikuwa imeandikwa ishirini na moja. Mizani ikasoma thelathini.

Gramu tisa, mdogo wangu. Nesi aliondoka mbio kumwita daktari, na mrija ukaahirishwa. Kufika jioni mtoto alikuwa amekojoa mara tatu. Leo uvimbe umeshuka, vipimo vya damu vinaonyesha sumu inapungua, na ana macho yako, pole yake.

Mama anakusalimu sana, na mjomba fundi bomba anasema umtumie picha yako. Mungu akulinde kazini, akurudishe salama.

Nilikuwa nafunga barua, daktari akapita. Amesema figo zikishaumia hivi lazima zifuatiliwe, kwa hiyo mtoto atakuwa anakuja kupimwa mpaka aanze shule. Mkeo alimkazia macho, akamwomba arudie.

“Mpaka aanze shule,” daktari akarudia.

Wifi yangu akalia kwa sauti. Tangu ajifungue, hakuna mtu humu ndani aliyewahi kututajia hata wiki ijayo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.